Vidole Vitatu Kutoka Ukingoni

Miaka ishirini Mama Herufi aliandika mabango ya maduka kwa brashi, mpaka mashine za kuchapa zikampokonya tonge mdomoni. Basi akaingia kituo cha televisheni, na hamsini zake kichwani, kujifunza kuchezesha maandishi kwenye kompyuta. Usimcheke. Siku za mwanzo alikikaba kipanya kana kwamba kingemtoroka.

Nafasi ya ajira ilikuwa moja, waliojaribiwa wawili: yeye na Fundi Mdogo, aliyemtangulia hapo miezi sita. Mama Herufi ndiye aliyempa jina hilo, zamani alipokuwa akimfundisha brashi. Alifurahi mno kumkuta pale. Alijiona ana mwenyeji.

Siku moja aliandaa jina la daktari aliyekuwa mgeni wa taarifa ya habari ya mchana: liingie kutoka kushoto, litulie, litoke.

"Lishushe chini kabisa, mwalimu," Fundi Mdogo alimwambia. "Huku hakuna fremu ya kula herufi."

Mama Herufi alisita. Kwenye bango aliacha vidole vitatu kila upande, maana fremu ya seremala hufunika ukingo. Lakini kila kazi na miiko yake. Akalishusha.

Habari zilipoanza tu, mdogo wake akapiga simu kutoka nyumbani. "Dada, mbona jina la daktari halina miguu?"

Alikimbilia mapokezi, kwenye televisheni. Kweli, herufi zilikatwa magotini. Kwenye kompyuta zilikuwa nzima! Kumbe televisheni nyingi hula ukingo wa picha, na kituo kizima kilijua isipokuwa yeye.

Mhariri alikuja amefura. "Hukuambiwa?"

"Nilimwambia, bosi," Fundi Mdogo alidakia. "Ni umri tu."

Mhariri akamwambia Mama Herufi majaribio yake yameishia hapo, akaondoka.

Maneno ya mhariri hayakumuuma kama yale ya Fundi Mdogo. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii aliishona mwenyewe. Alikumbuka bango la duka la dawa, lile ambalo Fundi Mdogo aliliandika hadi ukingoni, fremu ikala nusu ya jina. Mwenye duka alikuja juu, anataka aliyekosea afukuzwe. Mama Herufi alisema, "Nimekosea mimi." Mteja yule hakurudi tena, na mwezi ule Mama Herufi hakuwa na mwingine.

Akaenda kwenye meza ya Fundi Mdogo. Kazi yake ya kesho ilikuwa wazi kwenye skrini. Mama Herufi akalaza vidole kati ya ukingo na herufi. Viliingia vitatu, barabara.

"Vidole hivi umevitoa wapi?" aliuliza.

Fundi Mdogo aliinamia viatu vyake. "Mwalimu, nafasi ilikuwa moja."

Mama Herufi alitundika mkoba begani. "Hata mteja wa duka la dawa alikuwa mmoja."