Mashetani wa Kompyuta ya Maganzo

Mwezi uliopita binti yangu alinisomea maoni ya watu kuhusu gemu jipya. Mimi nilikuwa napepeta mchele, yeye amejilaza kwenye kochi na simu yake. Gemu lenyewe ni la kuua mashetani kwa bunduki, na limetengenezwa makusudi lifanane na yale ya zamani, picha zake za mraba-mraba na muziki wake wa kelele. Wahakiki, alisema, wamelisifu kweli kweli. Mmoja kaandika kwamba limemrudisha utotoni. Mwingine kasema utamu wake ni kwamba halikupi nafasi ya kufikiri: ukiona macho mekundu, unafyatua.

"Mama, hebu tazama," akanigeuzia simu.

Nikaona ukumbi mwekundu, mkono umeshika bunduki, na kiumbe kinakuja. Ungo ukaniponyoka, mchele wote ukamwagika sakafuni.

"Zima," nikamwambia. "Zima kabisa."

Alicheka, akidhani mama yake ni mshamba anayeogopa picha. Nikainama kuzoa mchele. Ila wewe, rafiki yangu, kaa nikusimulie, maana picha ile naijua tangu nikiwa na miaka kumi.

Nililelewa Maganzo na bibi yangu mzaa mama. Miaka ile ya tisini Maganzo ilikuwa ni vumbi, barabara na watu wanaotafuta almasi. Tangu asubuhi ulisikia chekeche zikitikiswa, kokoto zikilia shwa, shwa, shwa, mpaka sauti ile ikawa kama pumzi ya mji. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kubeba gunia na kufuata njia za ng'ombe nikiokota mavi makavu. Usicheke. Kule kwetu ni tambarare, kuni zilikuwa shida, na ugali wa mtama uliivia kwenye moto wa mavi ya ng'ombe. Moshi wake ni mchungu. Unaingia kwenye nguo, kwenye mlenda, kwenye macho. Mwanamke aliyepika miaka arobaini kwenye moshi ule, macho yake hayabaki meupe.

Jirani yetu alikuwa bibi mjane, mwanawe wa pekee akichimba dhahabu kule Nyarugusu. Alikuwa fundi wa michembe. Vile viazi vitamu alivikata vipande, akavianika juani mpaka vikakauka, kisha akavichemsha na kuvichanganya na karanga za kutwanga. Tukitoka shule alikuwa ameshatuwekea bakuli kizingitini. Hakutuita. Alikohoa tu, nasi tukajua. Bibi yangu alikuwa na msemo: mkono uliokulisha usiutazame kwa jicho la pembeni. Niliusikia msemo huo mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuusikia.

Basi, kulikuwa na duka la Wahindi Waislamu kando ya barabara, waliouza chekeche, sururu, karabai na sabuni. Binti wa duka lile alikuwa rafiki yangu, tulikaa dawati moja. Siku moja kaka yake alirudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona. Aliiweka chumba cha nyuma, karibu na magunia ya sabuni, na Jumamosi mchana jenereta ikiwashwa alituruhusu watoto kuingia, miguu tumeipangusa.

Alipochomeka diski zake, sahani za plastiki zinazobeba mchezo ndani, akabonyeza hiki na kile, likatokea gemu. Rafiki yangu, sijui nikuelezeje. Hukumwona mtu anayepigana. Uliona mkono tu na bunduki, kama vile mkono ni wako. Unakwenda kwenye vyumba vyekundu, mlango unafunguka, shetani huyo! Pembe, meno, macho mekundu kama makaa. Kaka akafyatua, shetani akapasuka. Mtoto mmoja alipiga kelele akakimbilia nje. Mimi nilibaki nimeshika mkono wa rafiki yangu, nimeshtuka mpaka nikasahau kumeza mate. Na nilitaka kuona tena.

Ndani ya wiki moja mji mzima ulikuwa na la kusema. Wachimbaji walichungulia dirishani na chekeche zao begani wakapiga makofi. Kwao haikuwahi kuletwa burudani kama ile. Mchungaji alituhubiria kwamba shetani hachezewi. Nyanya wa rafiki yangu, mwenye tasbihi yake, alimgombeza mjukuu wake mbele yetu: "Watu wanasoma dua shetani atoke nyumbani, wewe umemlipia nauli ya basi!" Mwalimu wetu wa sayansi alikwenda kujionea, akarudi akatuambia ni vinukta tu vya mwanga vimepangwa vizuri, tusihangaike.

Bibi yangu hakwenda. Alinisikiliza tu nikimsimulia huku akikoroga uji.

"Hao mashetani wamewakosea nini?" akauliza.

"Hawajakosea, Bibi. Ni mashetani."

"Mmejuaje?"

"Macho yao mekundu."

Mwiko ukasimama ndani ya chungu. Aligeuka akanitazama, na moshi ukiwa katikati yetu sikuona uso wake vizuri. "Ng'wanawane," akasema taratibu, mtoto wangu, "maneno hayo usiyaseme tena nje ya nyumba hii." Nilidhani anaogopa shetani. Sikujua kwamba katika nchi yetu ile vikongwe walikuwa wakiitwa wachawi na kuuawa kwa rangi ya macho yao. Watu wazima walijua, lakini walinong'ona.

Jumamosi zilikuwa chache kwetu, kwa hiyo tukaanza kucheza gemu lile nje. Bunduki zetu zilikuwa mabua ya mtama. Shida ilikuwa moja: kila mtu alitaka kuua, hakuna aliyetaka kuwa shetani. Tulipigana kwa ajili hiyo karibu kila siku.

Sasa sikiliza. Ilikuwa alasiri, jua kali. Jirani yetu alitoka kwenye jiko lake la nyasi amejiinamia, anakohoa, moshi unamfuata. Machozi yanamtoka, macho mekundu, na mikono yake ameinyoosha mbele anapapasa nguzo ya mlango. Kwa kuwa gemu lilikuwa limejaa kichwani mwangu, nilichokiona si yeye.

"Shetani!" nikapiga kelele. "Macho mekundu! Huyo hapo!"

Ni mimi niliyesema. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba alikuwa mwingine, lakini ni mimi.

Wenzangu wakaelekeza mabua yao, pa! pa! pa! Alidhani tunacheza naye, akajaribu kucheka. Kisha mmoja akatupa bonge la udongo. Mwingine akaokota jiwe. Lilimpata juu ya nyusi, nikaona damu ikishuka, na akakaa chini kama mtu aliyechoka ghafla. Hakupiga kelele. Sisi ndio tuliokuwa bado tunapiga kelele: shetani, shetani.

Wanaume wanne walikuwa wanapita kutoka machimboni. Mmoja wao alikuwa amemzika mtoto wake aliyekufa kwa homa majuma mawili yaliyopita. Alisimama.

"Shetani nani?"

Watoto wengine walikuwa wakimwonyesha kwa mabua.

"Watoto huona," akasema mwenzake. "Mtoto hadanganyi."

Yule baba akamtazama jirani yetu pale chini, damu na moshi usoni. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Mwanangu alikula michembe yake. Siku ile ile alianza kutetemeka."

Nilimwona akihamisha panga kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Vyumba vyekundu vya kompyuta vilinitoka kichwani vyote kwa mara moja, nikamwona jirani yetu kama alivyokuwa, bibi mwenye kanga iliyochanika, na nikajua mtu anakwenda kufa kwa neno langu.

Nikakimbia, nikamvuta bibi yangu kutoka uani. Alitoka bila viatu, unga mikononi. Hakumwendea yule mwanamume. Alikwenda akaketi chini kando ya jirani yake, bega kwa bega.

"Haya," akasema. "Nitazameni na mimi. Macho yangu yana rangi gani?"

Mmoja wao akarudi nyuma hatua moja.

"Njoo karibu, baba. Tazama vizuri. Yangu ni meupe?"

Yule mwanamume hakusogea.

"Mayu wako, mama yako aliyekuzaa, anapikia nini? Umemnunulia jiko la mafuta? Nenda kwako ukamkate yeye kwanza, ukimaliza uje kwetu." Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe, waambie. Umeyatoa wapi hayo maneno?"

Nilisema nikilia, maneno yakigongana. Kompyuta. Dukani. Ni mchezo. Hawakunielewa. Ndipo rafiki yangu, aliyekuwa amekimbilia dukani, akafika anahema, amemburuta kaka yake kwa mkono, na kaka yule akasimama katikati yao. "Ni kweli, jamani. Kosa langu. Ni picha tu za kwenye mashine, mimi ndiye niliyewaonyesha."

Yule baba aliyefiwa alitutazama mmoja mmoja. Panga likamwanguka. Akachuchumaa akafunika uso wake kwa mikono miwili, akalia kilio ambacho nadhani hakuwa amelia kaburini. Wenzake wakamwinua wakaondoka naye. Hakuna aliyeomba radhi.

Kompyuta ilifunikwa kitambaa siku hiyo hiyo, na sikuiona tena ikiwashwa. Bibi yangu hakunichapa. Ningependa angenichapa. Alimwosha jirani yake kidonda kwa maji ya chumvi, mimi nimeshika beseni.

Siku ya tatu mwana wa jirani yetu alikuja kutoka Nyarugusu na lori la kukodi. Hakuuliza habari wala kunywa maji. Alipakia kitanda, sufuria, kuku wawili. Bibi yangu alinisukuma mgongoni, "Nenda kamuage." Jirani yetu alikuwa ameshaketi mbele karibu na dereva. Nikapanda kwenye kikanyagio.

"Shikamoo, Bibi."

Alivuta kanga akaishusha mpaka chini ya nyusi, akafunika kidonda na macho pamoja, ili nisiyaone.

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu ndani ya kitambaa.

Sikumwona tena. Miezi michache baadaye mvua ziliangusha jiko lake la nyasi, na wachimbaji wakachimba mpaka uani kwake, pakawa shimo. Bibi yangu naye alishatangulia. Duka liliuzwa, rafiki yangu yuko ng'ambo na tunapoandikiana hatulitaji jambo lile. Chekeche bado zinalia Maganzo, lakini hakuna anayemkumbuka aliyeishi pale.

Usiku wa siku ile mchele ulipomwagika nilimsimulia binti yangu yote. Akaniuliza jina la bibi yule. Nikafungua mdomo kumjibu. Rafiki yangu, silijui. Nilikula chakula chake miaka minne na sikuwahi kuuliza.