Picha ya Wachimbaji Wanne

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Pombe sinywi, na ilikuwa mchana, jua kali, duka wazi. Nilimwona kama ninavyokuona wewe sasa.

Mimi ni mpiga picha hapa Kolwezi, mji wa migodi. Kwenye kompyuta yangu ya zamani nilijitengenezea programu ndogo: mashine ikikaa bila kuguswa, picha za wateja zinapita moja moja kwenye kioo. Watu walikuwa wanasimama mlangoni kujitafuta. Nilipopata kompyuta mpya nilihamisha kila kitu, lakini kioo kikabaki cheusi. Siku mbili nilihangaika, nikafuta, nikaweka upya. Bure.

Siku ya tatu akaingia kijana mmoja, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Sura niliikumbuka: Ilunga, mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi. Niliwahi kumpiga picha na wenzake watatu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatazama ninavyosumbuka, kisha akasema taratibu, akiniita tata, yaani baba:

"Tata, iko inatafuta bafoto mu nyumba ya zamani. Uionyeshe nyumba mupya."

Nikaangalia. Ni kweli, programu ilikuwa bado inatafuta picha kwenye diski ya mashine ya kwanza, na kwenye hii mpya diski hiyo haipo. Nikaandika mahali papya, picha zikaanza kupita. Harusi, ubatizo, mama mmoja na mapacha wake, halafu wao wanne, koleo mabegani. Akawanyooshea kidole wenzake, mmoja baada ya mwingine.

"Bale batatu beko na miye. Uambie bamama yabo basibangojee."

Wale watatu wako naye, mama zao wasiwangoje: nilidhani anasema habari za kazi. Nikageuka kumshukuru, kiti kitupu. Nikapitisha mkono juu yake: hata chembe ya vumbi hakuna. Mtu mwenye vumbi lile angeachaje kiti kisafi?

Kesho yake akapita Kasongo, mmoja wa wale watatu, kuchukua picha zake ndogo za kitambulisho. Nikamwambia rafiki yake alikuja kunisaidia. Akaniangalia usoni.

"Tata, Ilunga alikufaka. Siye benyewe tulimuzikaka."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia yote. Lakini niambie wewe, ungeanzaje kumwambia kijana mzima, aliyesimama mbele yako, kwamba marehemu amemhesabu? Niliogopa kuchekwa. Nikasema labda nimemfananisha na mtu mwingine. Akatabasamu, akaniaga, akapanda pikipiki kurudi Mutoshi.

Siku nne baadaye shimo lao liliporomoka. Walikuwa ndani wote watatu. Wawili walitolewa wakiwa maiti. Kasongo hajapatikana mpaka leo.

Mama yake alikuja dukani kuomba picha, wapate kitu cha kuweka mezani wakati wa matanga, maana mwili hakuna. Akaniuliza kama mwanawe aliacha neno lolote siku ile alipopita kwangu. Nikajibu hapana. Na kweli, Kasongo hakuacha neno. Mwenye neno nilikuwa mimi.

Bado tunakutana sokoni. Ananisalimia kwa heshima, "Jambo, tata," nami naangalia chini. Baadhi ya watu wanasema bado anamwekea mwanawe chakula jioni.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukipewa neno la mtu, hata kama aliyekutuma humwelewi, lifikishe siku hiyo hiyo. Watakucheka, ndiyo, na kicheko kitapita. Hili langu halipiti.