Seji ya Shangazi Mwanaisha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyotamani baadaye isingalipambazuka.

Bendera yetu ilikuwa bado mpya. Nilikuwa msaidizi jikoni katika hoteli moja ya Diani, nikikaa Bongwe kwa shangazi yangu Mwanaisha, aliyenilea tangu mama alipofariki. Shangazi alikuwa amepewa vijiti vya seji, lile jani la kijivu ambalo Wazungu hupikia kuku, na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Vitatu vilimfia. Cha nne kilishika, akakizalisha hata akawa na mashina sita kando ya ukuta. Matawi yake aliyauza majikoni, akapata sabuni na mafuta ya taa.

Mpishi mkuu aliyasifu majani yale, akauliza nani ayapandaye. Nikajibu ni mimi. Akaniambia niyahamishie mashina hotelini, naye atanifanya mpishi kamili.

Shangazi alikuwa amekwenda mazikoni Kikoneni, akakaa huko mpaka arobaini. Sikumngoja. Niling'oa yote sita, nikayapanda nyuma ya jiko penye samadi nyingi, nikayanywesha asubuhi na jioni kama mchicha. Mwezi haukwisha, mizizi ikaoza. Mtaka yote hukosa yote. Nilirudishwa kusugua masufuria.

Shangazi aliporudi alikuta mashimo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akasema taratibu, "Ungeniomba vijiti ningekukatia hata ishirini. Sasa nikukatie nini?"

Nilimwomba radhi, akasema amesamehe. Akaendelea kunipakulia chakula miaka yote aliyobaki nayo, lakini hakuniita tena mwanangu, wala hakupanda tena seji. Nilimzika ningali nikilisubiri neno lile. Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka pamoja nami.

Basi ukitaka seji nyumbani kwako, omba kijiti. Kichomeke penye jua na mchanga mwingi, usikimwagilie mpaka udongo ukauke. Maji mengi ndiyo yanayoiua. Chuma ncha, uache shina. Na mgeni akisifu chakula chako, mtaje aliyekufundisha kabla hujameza sifa, maana baada ya hapo ulimi huwa mzito.

Mola akujaalie mkono wa kuotesha, na akukutanishe na waliokulea wangali hai wakusikie ukiwashukuru.