Pembe ya Pili ya Chilongola

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa vijiti vya kuwashia moto, kwa kuwa kuni zenyewe sikuziweza, na Mdachi bado ana boma lake Dodoma, dume letu la ng'ombe lilikufa kwa uzee. Tulimwita Chilongola kwa sababu ndiye aliyetangulia mbele ya kundi, wengine wakamfuata bila kuuliza. Nyama tukaila, ngozi ikawambwa, zikabaki pembe mbili ndefu, zimepinda kama mkono unaomwita mtu.

Babu alizifukia kwenye samadi mpaka kiini kikaoza na kuchomoka. Ndipo ubishi ukaanza. Yeye alitaka chombo cha ugoro. Bibi alitaka pembe za kuumikia, maana ndiye aliyewavuta damu mbaya wagonjwa wa pale kwetu, upande wa Chamwino. Baba, mtu wa mzaha, akasema, "Mchongeeni huyu binti yangu kijiko. Hamwoni mdomo wake ulivyo mkubwa?"

Jambo moja tu hawakubishania: pembe hizo hazitatobolewa zipulizwe. Bibi alisema pembe ya dume anayetangulia haipewi sauti. Ukiipa, inaanza kuwaita watu wa zizi lake, nao wataifuata kama ng'ombe, hata shingo hawageuzi.

Nilimwamini. Pembe zilining'inia kwenye nguzo ndani ya tembe, karibu na kilindo cha uwele, na mle ndani ni giza hata jua likiwa utosini. Nikitumwa nafaka nilichota huku nimefumba macho.

Kisha akaja Jumbe. Huyu aliwekwa na Wadachi awatafutie watu wa kubeba mizigo, na siku hizo vita vyao vilikuwa vimeanza, mizigo haiishi. Waliokwenda hatukuwaona tena.

"Shikamoo, Jumbe," Babu alisema, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri.

"Marahaba. Nasikia una pembe. Nitengenezee baragumu."

"Hizo ni za ugoro, Jumbe."

"Na ukiwa umefungwa kamba mikono yote miwili, mzee wangu, ugoro utanusishwa na nani?"

Bibi akamweleza mwiko wenyewe, kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni. Jumbe akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Kama ndivyo, bibi, litaanza kunichukua mimi, si ndimi mpulizaji?"

"Wewe si wa zizi hili," Bibi alisema.

Babu alitoboa pembe moja kwa chuma chekundu. Harufu ilikuwa ya nywele zinazoungua, na Bibi alikaa ameipa mgongo kazi ile mpaka ikaisha. Pembe ikawekwa juu ya paa la tembe ikauke. Upepo wa kwetu mnaujua, haupumziki. Mchana wa siku ya pili yake nilikuwa peke yangu uani nikasikia mtu anaguna juu ya paa. Hakukuwa na mtu. Nilikimbia mpaka shambani kwa Baba, pumzi hazinitoshi.

"Linaita! Baba, linaita!"

"Linaniita mimi?" Akaegemea jembe. "Liambie nina palizi. Lije kesho."

Kesho yake akaja Jumbe kuchukua baragumu lake, na nyuma yake askari wawili. Mama alikuwa kisimani. Askari mmoja akasimama nyuma ya ukuta wa tembe, mwingine nyuma ya zizi, ana kamba. Sikuelewa wanamvizia nani. Jumbe akaliweka baragumu mdomoni, akapuliza palepale uani petu.

Sasa, anayejua desturi yetu ameshaelewa. Kwetu baragumu likilia nyumbani kwa mtu ni kilio: ng'ombe wameibwa, au nyumba inaungua, au mtoto ameumia. Aliye karibu huacha jembe na kukimbia. Nilimwona Baba anakuja katikati ya uwele, mbio, mikono mitupu. Bibi alipiga kelele, "Rudi! Rudi, mwanangu!" Jumbe akapuliza tena, sauti ya Bibi ikamezwa. Baba alifika akihema, akanitazama mimi kwanza, kichwa mpaka miguu, aone kama nimeumia wapi. Wakamkamata akiwa bado ananitazama.

Majirani waliokuwa mbali zaidi waliona kamba, wakageukia porini. Siku ile alichukuliwa Baba peke yake. Hakurudi.

Hapa chuo cha walimu cha misheni tunafanya mijadala, na juzi kijana mmoja alisimama akasema bibi zetu walituponza kwa kuogopa vitu visivyo na uhai. Nilinyanyuka kabla hajakaa, nikawasimulia habari ya baragumu lile. Eti visivyo na uhai! Niambieni, pale uani Bibi ndiye asiyejua kitu? Bibi alisema pembe itaanza na watu wa zizi lake, ikaanza na nani? Kama ana jina jingine la kuuita ujuzi huo, alilete. Na tangu siku ile baragumu likilia kwetu watu wanakimbilia porini, hata kama ni nyumba inaungua kweli. Hilo nalo ni uoga wa bibi zetu? Walinipigia makofi. Nikakaa.

Sikuwaambia habari ya pembe ya pili. Bibi hakuiacha ikatwe kwa ugoro wala kwa kuumikia. Alipokuwa anakata roho aliniwekea mikononi. "Ile ilimwita akaenda," alisema. "Hii labda ingemwita arudi." Miaka yote ile alikuwa na chuma na moto, na hakuitoboa. Zamani nilidhani aliogopa mwiko.

Sasa iko chini ya kitanda changu. Wenzangu wananiuliza kwa nini nisiifanye chombo cha kalamu, na mimi, ninayejibu kila kitu, naisukuma ndani zaidi. Nikiitoboa itanibidi niipulize, nikishaipuliza itanibidi nisimame uani nitazame uwele, nione kama kuna mtu anakuja.