Gari la Mwalimu Breki Linavuta Kushoto

Siku tatu nzima Mwalimu Breki alimgombeza mtu asiye na kosa, na hilo ndilo lililompandisha hasira kuliko yote.

Breki si jina alilopewa na wazazi wake. Wanafunzi ndio waliombandika, maana gari lake la kufundishia udereva lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine chini ya mguu wake yeye, na yake ndiyo inayochakaa kwanza. Ni mama wa makamo, mdomo hauna kizibo. Miaka kumi na tisa amekaa kiti cha abiria akiwaambia watu wazima na ndevu zao watazame mbele. Gari analo hilo moja tu. Likilala gereji, na yeye kalala.

Na lililala kweli. Lori la matofali lilirudi nyuma bila kutazama, likalibamiza kona ya mbele kushoto: taa chwaa, fenda ikajikunja kama shati lililotoka kukamuliwa. Bima wakasema watalipia, ila litengenezwe kwenye gereji yao. Mwenye gereji hiyo watu humwita Bila Shaka, kwa sababu hana jibu lingine.

"Litakuwa tayari Ijumaa?"

"Bila shaka."

Hakusema Ijumaa ipi. Lilitoka Ijumaa ya nne, mkaguzi wa bima akiwa ameshalipitisha.

Siku ya kulichukua lilikuwa linang'aa, unaweza kujitazama meno. Bila Shaka alishika ufunguo mkono huu, karatasi mkono ule.

"Saini hapa, mama, nikupe ufunguo."

"Ya nini hii?"

"Ya kuchukulia gari tu. Kawaida."

Wanafunzi walikuwa wanamsubiri. Mwalimu akasaini juu ya boneti, hajasoma hata mstari. Mtu huyohuyo anayewafokea wenzake kila siku wasome kibao kabla ya kupita!

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa muuguzi mmoja wa zahanati, mama mwenye watoto watatu, aliyeshaanguka mtihani wa udereva mara mbili. Wa tatu ulikuwa umebakiza wiki mbili. Alipokamata usukani, gari likawa linaegemea kushoto, linaegemea kushoto.

"Nyoosha! Barabara iko wapi na wewe uko wapi?"

"Nimenyoosha, mwalimu."

"Umenyoosha shingo. Nyoosha usukani! Mkono wako wa kushoto unavuta!"

Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu akamwambia afadhali anunue baiskeli. Siku ya nne muuguzi akaja uso umemshuka.

"Mwalimu, nilimwomba daktari wetu anipime mkono wa kushoto. Anasema mzima."

"Ulikwenda kupimwa mkono?"

"Si ulisema unavuta?"

Mwalimu Breki akautazama mkono ule, akautazama usukani. Kisha akasema, "Shuka. Njoo ukae huku." Akashika usukani mwenyewe, akalipeleka gari kwenye barabara tambarare nyuma ya maghala, pasipo na watu, akaachia mikono. Hata tatu hajahesabu, gari limeshakata kona kuufuata mtaro, kama mbuzi aliyeona majani mabichi. Akashika breki, akateremka, akachuchumaa. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limeanza kulika upande wa ndani, na gurudumu lenyewe limekaa kihasarahasara, halitazami anakotazama mwenzake.

"Nisamehe, dada," akamwambia muuguzi. Neno hilo wanafunzi wake walikuwa hawajawahi kulisikia, na muuguzi alidhani anatukanwa upya.

Gerejini aliingia anawaka.

"Mama, barabara zenyewe ndizo zimeinama," Bila Shaka akamwambia, hata bisibisi hajaiweka chini.

"Zimeinama zote? Baada ya wewe kuligusa gari langu?"

"Bila shaka. Na isitoshe, ulisaini." Akaitoa ile karatasi. *Nimelikagua gari, nimeliendesha, nimeridhika na matengenezo.* Chini yake jina la mwalimu, mwandiko wake mzuri wa shule.

Aliyasema aliyoyasema pale. Mengine siwezi kuyarudia, watoto wanasikia. Lakini gari lilitoka gerejini linavuta vilevile.

Nyumbani mume wake, karani mstaafu wa posta, alimwacha akafoka mpaka chai ikapoa.

"Mke wangu, usirudi kule kupiga kelele. Kelele hazina muhuri. Tuandike."

"Saini yangu wanayo!"

"Wanayo. Basi eleza ilivyopatikana."

Wakaandika mezani, na barua ya kwanza ikachanwa.

"Hili neno *majambazi* halitusaidii," mume akasema.

"Linanisaidia mimi."

"Litoe."

Barua ya tatu ndiyo ilitoka safi: siku aliyochukua gari, alichoambiwa aliposaini, kwamba alikuwa hajaliendesha hata hatua moja, siku aliyogundua ubovu, na picha za tairi. Mwishoni anaomba mkaguzi wa bima aje aliendeshe yeye mwenyewe. Mume akamsisitiza nakala yake igongwe muhuri mbele ya macho yake, asikubali kuambiwa rudi kesho.

Binti wa dirishani kwenye ofisi ya bima aliisoma, akafungua faili. "Lakini mama, hapa ulisaini kwamba umeridhika."

"Nilisaini, mwanangu, na huo ni ujinga wangu. Na mkaguzi wenu hapo amesaini kwamba kazi imekwenda sawa. Hebu nitazamie, yeye aliliendesha umbali gani?"

Binti akatazama. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Akavuta muhuri, akagonga.

Mkaguzi alikuja baada ya siku mbili, viatu vimepigwa kiwi, kabrasha kwapani. Akalizunguka gari, akagonga fenda kwa kidole.

"Rangi imekaa vizuri."

"Sikukuita uje kuliposa. Ingia."

"Mama, mimi hukagua gari likiwa limesimama."

"Najua. Ndiyo maana tuko hapa."

Akaingia. Mwalimu akakaa kiti chake cha siku zote, mguu juu ya ile breki ya pili. "Mkanda. Vioo. Umetazama nyuma? Hujatazama. Tazama."

Wakafika barabara ya maghala. "Mwendo wa arobaini. Vizuri. Sasa achia usukani."

"Niachie?"

"Si uliandika lipo sawa? Achia!"

Akaachia. Gari likakata kushoto, mtaro huo unakuja mbio. "Mama! Mama!" Mwalimu alikanyaga breki, ingawa nadhani alichelewa kidogo kwa makusudi. Kabrasha likamwagika miguuni. Kutoka tairi hadi mtaroni palibaki shubiri moja.

"Kiti hicho anakaa mama wa watoto watatu," mwalimu akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na wanaomjua wanasema hiyo ndiyo ya kuogopwa. "Siku tatu nilimwambia hajui kuendesha. Bila mguu wangu huu, wewe sasa hivi ungekuwa wapi?"

Mkaguzi akaokota karatasi zake. Akateremka, akaandika juu ya boneti. Mwalimu akasoma begani kwake: *Gari linavuta kushoto kidogo.*

"Kidogo?"

"Ni lugha ya kitaalamu, mama."

"Rudi ndani, tukakipime hicho kidogo chako."

Akakifuta. Kisha akaandika lirudishwe gereji ileile.

"Futa na hiyo. Yule hata kitasa cha choo simpelekei."

"Utaratibu wetu..."

"Utaratibu wenu ndio ulionisainisha. Piga simu."

Akapiga, akazunguka, akapiga tena. Wakakubali: gereji nyingine, gharama juu ya bima, na safari hii mwenye gari aendeshe kwanza ndipo aguse kalamu. Muuguzi atafanya mtihani kwa gari la kuazima. Na mkaguzi, kwa kujikinga, akaongeza mstari wa mwisho: gari si salama, lisiendeshwe mpaka litengenezwe. Akasaini, akampa nakala, akafuta jasho.

"Haya mama, nirudishe ofisini."

"Kwa gari lipi?"

"Hili."

"Si umeandika lisiendeshwe?"

"Mama, ni kilomita tatu, na jua lote hili!"

"Mimi nakaa hapa nalilinda, nasubiri gari la kuvuta." Akafungua mlango wa nyuma, akakaa, miguu nje, nakala mapajani, bado amekunja ndita. "Nenda. Na utembee pembeni, magari ya hapa hayaaminiki."