Namna Shule Inavyokuwa ya Kwanza

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Matokeo ya mtihani wa taifa yalikuwa yametoka, na hapa Buyenzi yakitoka, hata gereji hazizungumzii magari. Shule yetu ya mtaa ilikuwa imeshika mkia. Iliyoongoza ilikuwa shule nyingine ya serikali, mbali, kaskazini mwa mji.

"We bado unaacha mutoto pale?" fundi mwenzangu wa gereji alinicheka. "Ata gari yenye imekufa tunaivuta kwa garaji nzuri!"

Maneno yale yaliniingia. Binti yetu Mariamu alikuwa mwaka wa nane, msomaji wa polepole, na mwaka uliofuata ndio wa mtihani. Niliogopa akianguka masomo yangeishia hapo. Kizuri chajiuza, nilijiambia. Kesho yake tukaenda kule, mimi, Mariamu na mama yake Halima, Mungu amrehemu.

Direkta, mkuu wa shule ile, alitupokea kwa adabu. Akampa Mariamu kitabu asome. Mtoto akakwama mapema, akainamisha kichwa.

"Nitamupokea," direkta akasema, "lakini arudi mwaka wa saba. Wenye wanasoma hivi, nikiwapeleka kwa mtihani, wataniangushia pursantaje ya wenye wanafaulu."

Mimi nilikuwa tayari kukubali. Halima akauliza kwa upole, "Na wale wenye munarudisha, direkta, wanafika mwisho?"

"Wengine wanachoka, mama. Wanaacha."

Halima akamshika Mariamu mkono. "Asante. Sasa tumeelewa namna munakuwa wa kwanza."

Njiani nilinung'unika. Akaniambia, "Baba Mariamu, shule yetu inapeleka wote kwa mtihani, ata wazito. Apana, mi sipeani mutoto wangu kwa watu wenye wanamuogopa."

Sitakudanganya, shule yetu haikuwa nzuri. Watoto walibanana kwenye benchi na mwalimu alikaukwa na koo. Lakini Halima alikuwa akienda kumuuliza mwalimu mtoto amekwama wapi, na jioni, akichambua maharagwe, alimfanya asome kwa sauti. Mariamu alianguka mtihani mara ya kwanza, akarudia mwaka. Mara ya pili akafaulu.

Siku hizi matokeo yanasomwa kwenye simu, na wazazi wanabishana vilevile. Nikiwasikia, nageuka nimwambie Halima, "Sikia hawa," na mahali pake hapana mtu. Natamani awepo, mwanangu, hata akinikatiza maneno.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Unapolinganisha shule, usiishie kuhesabu waliofaulu. Uliza walioanza pamoja nao wako wapi. Tazama mwalimu anamfanyia nini mtoto anayekwama. Na shule yoyote utakayochagua, usiiachie mtoto ukakaa. Nenda, uliza, urudi tena.

Mungu akupe mwenza wa kukuuliza swali pale unapokuwa na haraka, na akuachie naye miaka mingi kuliko niliyoachiwa mimi. Amina.