Alikubali Upesi Mno

Magoti yangu ndiyo yaliyoanza kukataa. Nauza vitenge sokoni, hapa Kisangani, na ilifika wakati nikikaa asubuhi sinyanyuki tena mpaka jioni. Mteja akitaka kitenge cha juu, anajichukulia mwenyewe. Watu wa toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria, walikuwa wakiniona wanageuza uso, wanajifanya wanakagua mnyororo. Sukari ilikuwa juu, presha vilevile. Daktari mpasuaji wa Kinshasa, mama wa makamo anayekuja kwetu mara kwa mara kuona wagonjwa, akaniambia kuna operesheni ya kupunguza uzito, inafanyika kwao Kinshasa. Wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula tumboni, na kinachobaki hakizidi ndizi moja.

Nilikaa na habari hiyo nikitafuta namna ya kumwambia mume wangu. Yeye anapokea mizigo uwanja wa ndege, kule Bangboka, na ni mtu wa kubishana. Hata sabuni ikinunuliwa atabishana kuhusu rangi yake. Kwa hiyo nilijiwekea jibu kwa kila swali, na jioni moja, baada ya chakula, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo.

"Bon," akasema. "Uende."

Basi. Hakuuliza ni nani atakayenikata, wala kama watu wanaokatwa hivyo huwa wanaamka. Tangu hapo nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Daktari naye sikumwamini. Alisema lazima nipungue kidogo kabla ya kukatwa. Nikamuuliza, kama naweza kupungua mwenyewe, kisu cha nini? Akanieleza kwamba ini langu limejaa mafuta na linafunika mahali pa kukata. Likinywea, yeye ataona vizuri anachokifanya. Maelezo yalikuwa mazuri, na uzuri wake ndio ulionitia wasiwasi. Akanikataza lituma, ile ndizi yetu ya kutwanga, na vinywaji vya sukari. Nitafune mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Nitembee kila siku. Muuguzi wake akanipa chupa ya maji yenye mpira, nipulize mapovu, ili mapafu yasilale baada ya operesheni. Halafu daktari akaanza kuuliza mambo ya ndani: nikikasirika nakula nini, na nikilia, nani ananishika mkono. Nilijibu nusu nusu. Nilijiuliza majibu yangu yatafika wapi.

Kutembea sikutembea. Nilipuliza chupa, nikanywa supu, na kumchunguza mume wangu.

Kwa sababu aliacha kula nyumbani. Akirudi anasema ameshiba, na shati lake linanuka samaki wa moshi. Mwanamume anayeshiba nje ana jiko jingine, mama yangu alikuwa akisema hivyo. Nikaona yote wazi: mimi nitakuwa kitandani Kinshasa na mirija mwilini, na mwanamke fulani atakuwa anakalia viti vyangu.

Siku moja nikamwachia jirani yangu wa sokoni vitenge, nikaenda kusimama karibu na mahali anaposhukia gari la kazi. Aliposhuka nikamfuata. Alikwenda upande wa mto, bila haraka, na mimi nyuma yake, nikipumzika kwenye kila ukuta. Jasho lilinilowesha mpaka kiunoni. Nilimpoteza mara moja, nikamwona tena anaingia kwenye kibanda cha bibi mmoja mzee anayeuza chakula.

Hakukuwa na mwanamke mwingine. Alikaa peke yake, ameelekea ukuta, anakula lituma na samaki mbio mbio kama mtu aliyeiba. Nilikaa mbele yake bila salamu, maana pumzi ya kusalimia sikuwa nayo. Alishika tonge hewani, hakulitia mdomoni wala hakulirudisha.

"Ulitembea mpaka huku?" akauliza.

Nikamwambia anieleze. Akasema kula mbele yangu, mimi nikiwa na kikombe cha supu, kulimshinda. Nikamwambia hilo nimelisikia, lakini mbona alikubali upesi vile? Alimtazama bibi wa chakula mpaka akaondoka kwenda kuchochea moto.

"Mama ya batoto, nilikuwa naogopa," akasema. "Kama nakatala na unakufa na sukari, nitasema nini? Kama nakubali na unakufa kwa kisu, njo sawasawa. Nilikubali mbio juu sikutaka kufikiri."

Kisha akaniambia kwamba hata yeye hamwamini yule daktari.

Daktari alipokuja tena, tuliingia kwake wawili. Mume wangu alibisha kila neno, kama nilivyomzoea, na mimi nilifurahi kumsikia. Mwisho nikauliza mimi mwenyewe.

"Docteur, iko mutu alishakufa mu mikono yako?"

"Iko," akajibu. "Mama mumoja." Akatueleza bila kuficha: mshono ulivuja, homa ikapanda, walichelewa kumrudisha chumba cha upasuaji. Ndiyo maana sasa hamruhusu mgonjwa yeyote kuondoka Kinshasa mapema.

Nilimtazama sana alipokuwa akisema. Sikupata amani, hapana. Lakini daktari anayenionyesha kaburi la mgonjwa wake, nilimwona ni afadhali kuliko anayeniahidi mbingu. Nikaanza kutembea jioni, mume wangu akitembea upande wangu na kulalamika juu ya vumbi.

Nilikatwa. Niliamka na kiu kali, nikapewa maji kwa kijiko kidogo, na kijiko hicho kikanishibisha. Maumivu ya bega yalinitesa kuliko ya tumbo, jambo ambalo hakuna aliyenionya kulihusu. Yalipita.

Sasa sokoni wananong'ona. Mwili umepungua, kwa hiyo wanasema nina ugonjwa, au nimetolewa sadaka kwa wachawi. Mwanzoni nilikuwa nikiwaeleza. Walisikiliza kwa heshima, halafu wakaangalia mikono yangu kama inatetemeka. Nimeacha kueleza. Nasimama, nashusha kitenge cha juu, nawafunulia wachague.